Finch Hatton: Ndoto ya mabawa iliyozimika Voi

ASUBUHI ya Alhamisi, Mei 14, 1931, ndege ndogo yenye viti viwili iliruka kutoka uwanja wa Voi, ikazunguka angani juu ya mji huo, kisha ikaanguka na kuteketea. Watu wawili waliokuwa ndani yake walifariki papo hapo.

Mmoja alikuwa Denys Finch Hatton, mwana wa ukoo wa kitajiri wa Uingereza, mwindaji mashuhuri, na mmiliki wa ndege hiyo. Wa pili alikuwa mtumishi wake, Kamau, kijana wa Kikuyu.

Zaidi ya miaka 90 imepita tangu siku hiyo. Jina la Finch Hatton limevuka bahari kwa njia ya vitabu na sinema, na watalii husafiri kutoka pembe zote za dunia kuja kuona mahali alipozikwa katika milima ya Ngong. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwa wanaopita Voi kila siku, kwa basi, kwa lori au kwa treni, wanaojua kwamba safari ya mtu huyo ilikomea hapo, chini ya milima ya Taita.

Wachache zaidi wanajua kwamba chombo kilichomwua ndicho alichokuwa amekitamani kwa zaidi ya miaka kumi, na kwamba alikaa nacho kwa muda wa miezi michache tu.

MZALIWA WA JUMBA KUBWA

Denys George Finch Hatton alizaliwa Aprili 24, 1887, jijini London. Baba yake, Henry Stormont Finch-Hatton, alikuja kurithi cheo cha ukabaila cha Earl wa Winchilsea, akiwa wa 13 kukishika. Mama yake alikuwa binti wa amiri wa jeshi la majini la Uingereza.

Kwa mujibu wa desturi za Waingereza wa tabaka lile, kifungua mimba ndiye aliyerithi cheo na mali ya ukoo. Denys alikuwa na kaka yake mkubwa, Guy, aliyejulikana kwa jina la utani la Toby. Kwa hiyo yeye alitarajiwa kujitafutia maisha popote pale dunia ingempeleka.

Alisomea shule ya Eton, ambako wana wa wakubwa wa Uingereza hulelewa, kisha akajiunga na chuo cha Brasenose katika Chuo Kikuu cha Oxford. Wenzake walimkumbuka kama kijana mrefu, mwenye maneno machache yenye uzito, mpenda muziki na mashairi, mwepisi katika michezo, asiyependa kufungwa na ratiba ya mtu.

Mwaka wa 1911 alifika Afrika Mashariki, wakati nchi hii ingali ikiitwa himaya ya Waingereza, na reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ikiwa na umri wa miaka kumi tu. Alinunua ardhi sehemu za Eldoret, lakini hakuwa mtu wa jembe. Shughuli za shamba alimwachia mshirika wake, naye akajitosa porini kuwinda na kufanya biashara.

Huo ndio ulikuwa mtindo wa maisha yake yote. Mahali pakimzoea, alihama. Watu wakimkaribia mno, aliondoka. Kitu pekee kilichomshika kwa muda mrefu ni hamu ya kwenda mbali na kuona kile ambacho wengine hawajakiona.

VITA NA MASHINE MPYA

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, mpaka kati ya himaya ya Waingereza na ile ya Wajerumani ulipita katika nchi ya Wataita na Wataveta. Katika mwezi wa kwanza wa vita, Agosti 1914, Wajerumani waliuteka mji wa Taveta.

Waingereza nao wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau mwaka wa 1915, ili wapate kusafirisha askari, maji na risasi kuvuka nyika ile kavu. Februari 1916 wakashindwa vibaya katika kilima cha Salaita, na mwezi uliofuata wakaikomboa Taveta.

Ni katika vita hivyo ambapo wakazi wa sehemu hizo waliona kwa mara ya kwanza chombo cha chuma, mbao na kitambaa kikipaa angani. Waingereza waliweka viwanja vya ndege huko Maktau na Mbuyuni, na marubani wao walikuwa wakiruka kila ilipowezekana ili kupeleleza kambi za adui. Kwa watu waliozoea kupima safari kwa siku za kutembea, lilikuwa jambo la kustaajabisha kuona mtu akivuka nyika nzima ilhali chai yake haijapoa.

Finch Hatton alipigana katika kampeni hiyo ya Afrika Mashariki, kwanza katika kikosi cha maskauti wa Kisomali kilichoanzishwa na rafiki yake Berkeley Cole. Baadaye alifanywa msaidizi wa Jenerali Reginald Hoskins, ambaye kwa muda fulani mwaka wa 1917 aliongoza majeshi yote ya Waingereza katika sehemu hii ya dunia. Utumishi wake ulimpatia nishani ya Msalaba wa Kijeshi.

Hoskins alipohamishiwa Mashariki ya Kati, msaidizi wake alimfuata. Mwaka wa 1918, Finch Hatton alikuwa nchini Misri akijifunza urubani. Lakini vita vikamalizika Novemba mwaka huo, na ndege za jeshi zikabaki kuwa mali ya jeshi.

Alirudi ardhini kama mtu aliyeonjeshwa asali kisha akanyang'anywa mzinga. Ingemchukua miaka 12 kuupata tena.

KARANI WA NYIKA NA MAGURUDUMU MANNE

Aprili 1918, kabla ya kwenda Misri, alikutana jijini Nairobi na Karen Blixen, mwanamke kutoka Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong. Bi Blixen alikuwa ameolewa na Bror Blixen, naye pia mwindaji. Ndoa hiyo ilivunjika baadaye, na Finch Hatton akafanya nyumba ya shamba hilo kuwa kituo chake kila aliporejea kutoka porini.

Alimletea vitabu na gramafoni. Bi Blixen naye alimsimulia hadithi usiku kucha. Hizo ndizo hadithi ambazo baadaye zilimfanya awe mmoja wa waandishi wakubwa wa karne ya 20.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1920, Finch Hatton alifanya kazi ya kuwaongoza matajiri wa kigeni katika safari za uwindaji. Kazi hiyo ilikuwa imebadilika sana. Kabla ya vita, msafara wa mwindaji ulikuwa ni mlolongo wa wapagazi waliobeba mizigo vichwani. Baada ya vita, magari na malori yalichukua nafasi yao.

Si kwamba barabara zilikuwepo. Mwaka wa 1926, Lionel Galton-Fenzi, mwanzilishi wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, alipata sifa kubwa kwa kuendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa, safari ambayo hakuna dereva aliyekuwa ameikamilisha kabla yake. Leo mwendo huo ni wa saa chache. Wakati ule, kufika tu kulitosha kumpa mtu jina, na baada ya kifo chake alijengewa mnara katikati ya Nairobi.

Gari lilimpa mwindaji uwezo wa kufika mahali ambapo zamani palikuwa mwendo wa wiki nzima. Lakini lilileta pia aibu ambayo Finch Hatton hakuweza kuivumilia.

Katika mbuga za Serengeti, nchini Tanganyika, kulizuka mtindo wa wageni kuwafukuza simba kwa magari na kuwapiga risasi wakiwa wameketi kwenye viti vyao. Mnyama aliyezoea kuogopa mtu anayetembea kwa miguu hakuwa bado amejifunza kuliogopa gari. Alisimama akalitazama, na hapo ndipo alipouawa.

Mwaka wa 1929, Finch Hatton alilipeleka suala hilo katika gazeti la The Times la London. Aliueleza umma wa Uingereza mauaji yaliyokuwa yakitendeka, akazozana hadharani na maafisa wa serikali ya Tanganyika waliojaribu kuyapuuza, na kuwahimiza wageni wabebe kamera badala ya bunduki. Kelele hizo, pamoja na za wengine waliokuwa na msimamo kama wake, ziliwasukuma wakuu wa serikali kuimarisha ulinzi wa wanyama katika Serengeti.

Huu ndio ukinzani uliokuwa ndani ya mtu huyu. Alizipenda mashine, na chumo lake lilitegemea magari. Hata hivyo alitambua, kabla ya wengi wa rika lake, kwamba mashine ikimpa mtu nguvu asiyoitolea jasho, kiumbe kilicho mbele yake hakina tena nafasi.

Mteja wake aliyekuwa mashuhuri kuliko wote ni Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza. Safari yao ya kwanza, mwaka wa 1928, ilikatizwa baada ya mfalme kuugua. Edward alirudi mwaka wa 1930, na safari hii kamera ilichukua nafasi kubwa kuliko bunduki.

NDOTO YAPATA MABAWA

Baada ya safari hiyo ya pili, Finch Hatton alikwenda Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 43, na sasa aliamua kuikamilisha kazi aliyoianza Misri. Alijifunza upya urubani, akapata leseni, na akanunua ndege yake mwenyewe.

Ilikuwa ndege ya aina ya Gipsy Moth, iliyotengenezwa na kampuni ya de Havilland. Namba yake ya usajili ilikuwa G-ABAK.

Mwaka huo wa 1930, hapakuwa na chombo kilichotamaniwa na vijana na wazee wa Uingereza kama Gipsy Moth. Mwezi Mei, msichana aitwaye Amy Johnson alikuwa ameirusha ndege ya aina hiyo peke yake kutoka Uingereza hadi Australia kwa siku 19. Dunia nzima ilishangilia. Ghafla ilionekana kwamba kusafiri angani si kazi ya wanajeshi tu.

Kwa mtu aliyezoea magari, ndege hiyo ilikuwa kitu cha ajabu lakini kisichotisha. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao kilichovikwa kitambaa. Injini yake ilikuwa na silinda nne, kama ya gari la kawaida, na nguvu za farasi 100 hivi. Bila mizigo, ilikuwa nyepesi kuliko gari dogo. Mabawa yake yaliweza kukunjwa nyuma, hata ikaweza kuhifadhiwa katika banda jembamba.

Lakini hapo ndipo mfanano ulipokoma. Haikuwa na breki. Haikuwa na paa wala kioo cha kumkinga mtu ipasavyo. Ili iwake, mtu alisimama mbele yake na kuizungusha rafadha kwa mkono, kisha akaruka pembeni upesi. Rubani alikaa kiti cha nyuma na abiria kiti cha mbele, wakizungumza kwa shida kwa sababu ya upepo na mngurumo.

Ndege hiyo iliwekwa melini ikaletwa Mombasa, na kabla ya mwaka wa 1930 kwisha, mwenyewe alikuwa akiiruka juu ya Kenya.

Kenya ya wakati huo ilikuwa imeanza kuzoea ndege, ikiwa pamoja na msiba wake. Machi 1928, rubani Maia Carberry alikuwa amefariki pamoja na mwanafunzi wake ndege yao ilipoanguka Nairobi. Mwaka uliofuata, Bi Florence Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na jina lake lingali katika uwanja wa ndege wa Wilson. Rubani mkuu wa kampuni hiyo, Tom Campbell Black, alikuwa rafiki wa Finch Hatton.

Hapana shaka kwamba miezi iliyofuata ilikuwa ya furaha kuu. Alimchukua Karen Blixen wakapaa juu ya Bonde la Ufa, wakalitazama ziwa Natron na makundi ya ndege wake, wakawafuata nyati waliokuwa wakila katika vilele vya Ngong. Alitua katika uwanda wa shamba la kahawa, na watoto na wazee wakaja mbio kuitazama ile eropleni.

Katika kumbukumbu zake, Bi Blixen anasimulia kwamba mzee mmoja wa Kikuyu aliwauliza kama walipaa juu kiasi cha kumwona Mungu. Walipokiri kwamba hawakumwona, mzee alitaka kujua iwapo siku moja wangefika huko. Walishindwa kumjibu. Mzee akaona kwamba basi hakuna maana yoyote ya wao kuendelea kuruka.

Finch Hatton, kwa upande wake, aliiona maana. Aliamini kwamba mtu akiwa angani anaweza kuyaona makundi ya tembo na kujua yanakoelekea, jambo ambalo msakaji wa miguu angelifanya kwa siku nyingi za kufuata nyayo. Alikusudia kulifanya hilo kuwa sehemu ya kazi yake ya kuongoza wageni. Yeye aliyepinga kuwafukuza simba kwa gari sasa alikuwa akitafuta namna ya kuwafikia tembo kwa ndege.

SAFARI YA MWISHO

Mwanzoni mwa mwaka wa 1931 mambo yalikuwa yamebadilika Ngong. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, shamba la Bi Blixen likafilisika na kuuzwa, na mwenyewe alikuwa akijiandaa kurudi Denmark. Uhusiano wake na Finch Hatton ulikuwa umelegea, na mwindaji huyo alikuwa amehamia Nairobi.

Mwezi Mei, Finch Hatton aliamua kwenda pwani kutazama nyumba yake ndogo ya Takaungu, kaskazini mwa Mombasa, kisha arudi kwa njia ya Voi akitafuta tembo katika nyika ya Tsavo.

Watu wawili wangeweza kuwa katika kiti cha mbele cha ndege hiyo. Bi Blixen aliomba kwenda, akakataliwa kwa maelezo kwamba safari ingekuwa ngumu na ingewalazimu kulala porini. Mwingine ni Beryl Markham, mwanamke aliyelelewa Njoro, ambaye baadaye, mwaka wa 1936, aliivuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza hadi Canada. Beryl alialikwa na alikuwa tayari, lakini Campbell Black, aliyekuwa mwalimu wake wa urubani, alimsihi asiende siku hiyo. Alimsikiliza.

Aliyekwenda ni Kamau.

Huko pwani, ndege ilipotua, rafadha yake iligonga matumbawe ikaharibika. Finch Hatton alipeleka simu ya maandishi Nairobi, akaletewa rafadha nyingine, na chombo kikatengenezwa. Kisha wakaruka kwenda Voi, ambako walipokelewa na mkuu wa wilaya na kulala usiku wa Mei 13.

Voi wakati huo ilikuwa kituo cha reli, ofisi chache za serikali na maduka. Upande wa kusini kuna mlima Sagalla, na magharibi inainuka milima ya Taita ambako mji wa Wundanyi, uliokuja kuwa makao makuu ya wilaya kwa miaka mingi, umejificha kati ya mashamba na ukungu. Wataita wanaoishi katika vilele hivyo huiona nyika ya Tsavo ikiwa imetandazwa chini yao kama mkeka. Bila shaka hilo ndilo alilokuwa akilitafuta Finch Hatton: kuiona nchi kama wanavyoiona wao, lakini akiwa mwendoni.

Asubuhi ya Mei 14, aliiwasha ndege ili kurudi Nairobi. Wenyeji wake walitoka kumuaga. Ndege ilipaa salama, ikazunguka juu ya uwanja. Ikiwa umbali wa mita 60 hivi kutoka ardhini, iliyumba, ikageuka na kuanguka kama jiwe. Tangi la petroli lilishika moto mara moja. Waliokimbilia pale na matawi na mchanga hawakuweza kuukaribia mwali.

Ndege ndogo kama ile hubebwa na hewa inayopita kwa kasi juu na chini ya mabawa yake. Kasi ikipungua mno, hasa wakati wa kupiga kona, mabawa hayana tena kinachoyabeba. Rubani aliye juu sana huweza kuielekeza pua chini, akapata kasi upya na kujiokoa. Aliye umbali wa mita 60 hana nafasi hiyo. Na mbao kavu zilizovikwa kitambaa, zikiwa karibu na petroli, hazingojei mtu atoke.

Finch Hatton alikuwa na umri wa miaka 44.

MAZISHI YA NGONG

Bi Blixen alikuwa ameambiwa kwamba mgeni wake angerudi siku hiyo ya Alhamisi. Alikwenda mjini Nairobi kwa shughuli zake, na akahisi kwamba watu aliowafahamu walikuwa wakimkwepa. Hakuelewa kwa nini hadi alipofika kwa mama mmoja rafiki yake kula chakula cha mchana, na baada ya chakula akavutwa kando na kuambiwa.

Mwili uliletwa kutoka Voi kwa treni. Wakati fulani wakiwa pamoja, Finch Hatton alikuwa amechagua mahali katika mteremko wa milima ya Ngong ambapo angependa kuzikwa, na Bi Blixen alikumbuka. Kaburi lilichimbwa huko, katika mvua na ukungu wa Mei, na marafiki wa rangi na dini mbalimbali wakapanda mlima kumsindikiza. Walikuwemo Wasomali aliotumika nao kwa miaka mingi.

Baadaye kaka yake alijenga mnara wa mawe juu ya kaburi. Wamaasai waliokuwa wakichunga huko walitoa habari kwamba simba dume na jike walikuwa wakionekana mara nyingi wakiketi juu ya kaburi hilo. Bi Blixen, ambaye wakati huo alikuwa amesharudi kwao, aliona kwamba hiyo ilikuwa heshima iliyomfaa mtu aliyewatetea simba wa Serengeti.

Mwaka wa 1937 Bi Blixen alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake za Kenya, Out of Africa. Mwaka wa 1985 kilitengenezewa sinema iliyopata tuzo saba za Oscar, ambamo Robert Redford aliigiza kama Finch Hatton na ndege ya manjano ya Gipsy Moth ikapaa tena juu ya Bonde la Ufa. Nyumba ya shamba, katika mtaa wa Karen, imekuwa jumba la makumbusho tangu mwaka wa 1986.

KAMAU, NA TEMBO WA TSAVO

Katika kumbukumbu zote hizo, Kamau amepewa mistari michache. Tunaambiwa jina lake moja, kabila lake na kazi yake. Wakati ule sheria ya kipande ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefanya kazi kuning'iniza shingoni karatasi zenye jina lake, alama za vidole na majina ya waajiri wake. Serikali ilijua kumwandika Kamau alipokuwa mfanyakazi. Wasimulizi hawakuona haja ya kumwandika kama mtu.

Hata hivyo yeye ndiye aliyekaa mbele. Katika ndege ya Gipsy Moth, abiria ndiye huiona nchi kwanza. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache mno wa kizazi chake walioitazama Pwani, nyika ya Tsavo na milima ya Taita kutoka angani. Alichokiona, na alichokifikiria alipokiona, alikufa nacho.

Ndege ya ndoto ilikuwa ya mtu mmoja. Hatari yake iliwahusu wawili. Hilo ni jambo linalofaa kukumbukwa kila sinema ile inapoonyeshwa, na hata leo katika barabara zetu, ambako anayelipenda gari na anayelipanda tu kwa sababu ya kazi hulala katika mochari moja.

Kuhusu wazo lililompeleka Finch Hatton Voi, muda ulilisahihisha. Mwaka wa 1948 nyika ile aliyotaka kuisaka kutoka angani ilitangazwa kuwa Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo. David Sheldrick, aliyeisimamia sehemu ya mashariki kwa zaidi ya miaka 25 akiwa na makao yake nje kidogo ya Voi, alitumia ndege ndogo kuwatafuta majangili na kuyafuatilia makundi ya tembo. Askari wa wanyamapori wameendelea kufanya hivyo tangu wakati huo.

Tembo wa Tsavo huhesabiwa kutoka angani. Marubani huruka chini kwa mistari iliyonyooka, siku baada ya siku, na waliokaa nao huandika kila kundi wanaloliona. Hesabu ya mwaka wa 1962 na zilizofuata ziliwawezesha wataalamu kujua ukubwa wa maafa ya ukame na ujangili katika miaka ya 1970 na 1980. Ile ya mwaka wa 2014, iliyohusisha pia mbuga jirani ya Mkomazi nchini Tanzania, iliwapata tembo zaidi ya 11,000.

Finch Hatton alikuwa sahihi kwamba ndege ingemwezesha mtu kuwaona tembo kama ambavyo hawajawahi kuonekana. Alichokosea ni kudhani kwamba faida ya kuwaona ingekuwa kuwafikia kwa bunduki. Pengine angebadilika, kama alivyobadilika kuhusu simba wa Serengeti. Hakupewa muda huo.

Uwanja wa Voi alikoangukia uko chini ya njia wanayopitia marubani wanaokwenda kuhesabu tembo. Kutoka huko juu huonekana milima ya Taita, reli mbili, ya zamani na ile mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017, na vumbi jekundu la makundi yanayoelekea mtoni. Hiyo ndiyo nchi aliyokuwa akiitazama Finch Hatton dakika zake za mwisho, akiwa nyuma ya Kamau.